Harufu: Hakuna

Niliwaandikisha wanafunzi arobaini uongo, kwa kalamu ya wino, kisha nikawapa alama kwa kuuandika vizuri. Nilifanya hivyo mchana kweupe, ndani ya maabara ya sekondari moja ya Kibiti, nikiwa nimevaa koti jeupe. Shule naiacha bila jina kwa sababu haikunituma. Nilijituma mwenyewe.

Mada ilikuwa kupasua maji kwa umeme, ile ambayo vitabu vinaiita elektrolisisi. Nilikuwa nimeifundisha kwa miaka tisa, na nilikuwa na namna yangu iliyowafurahisha watoto. Nilichora ubaoni molekuli ya maji: duara kubwa la oksijeni, na maduara mawili madogo ya haidrojeni yamekaa juu yake kama masikio. Halafu nilichukua chaki nyekundu nikapiga mstari kati ya kichwa na masikio. "Umeme ni panga," nilisema. "Unaikata molekuli. Haidrojeni inakwenda upande wa hasi, oksijeni upande wa chanya. Nani hajaelewa?" Ukiuliza hivyo kwa sauti niliyokuwa nayo, hupati mtu.

Mwaka ule nilimpata. Alikuwa binti wa Kidato cha Tatu kutoka deltani, huko Rufiji inakojigawa mikondo mingi katikati ya mikoko kabla ya kuingia baharini. Kibiti alikaa geto na wenzake wawili, na kwao alirudi likizo tu, kwa gari hadi Nyamisati na kutoka hapo kwa boti. Alisimama akauliza: "Mwalimu, kama molekuli inakatiwa pale kwenye kijiti cha hasi, oksijeni yake inafikaje kwenye kijiti cha chanya? Mbona hatuoni mapovu yakivuka?"

Sikuwa na jibu. Naandika maneno hayo matatu leo kwa urahisi, lakini siku ile yalinikwama kooni. Miaka tisa nilikuwa nimechora panga langu na halikuwahi kunipitia kichwani kwamba kuna safari ya kuelezwa. Nikafanya anachofanya mwalimu mwoga. Nilimuuliza, "Wewe binti, unataka kufaulu mtihani au unataka kuogelea na mapovu?" Darasa likaangua kicheko. Akakaa. Nilifuta ubao haraka kuliko kawaida.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya vitendo. Asidi ya salfuri ilikuwa imekwisha, na bila asidi jaribio lile haliendi, kwa maana maji safi ni mvivu wa kupitisha umeme. Katika kila molekuli bilioni moja za maji, ni mbili hivi tu zinazokuwa zimeachana zenyewe na kuwa ioni za kubeba chaji. Kwa hiyo hutiwa kitu cha kuongeza wabebaji. Nikakumbuka kwamba chumvi nayo hufanya kazi hiyo, na chumvi kwetu ni ya bure. Nikampigia simu dereva wa gari linalotoka Nyamisati kupitia Bungu, aniletee dumu moja la maji ya mkondo, yachotwe wakati bahari imejaa. Yalikuja ya bamvua, machungu kabisa. Nilijiona mjanja.

Vijiti vya kaboni tulivitoa kwenye betri kuukuu za tochi, tukazipasua kwa jiwe. Chombo kilikuwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kugeuzwa kichwa chini, vijiti vimepenya kwenye kizibo na kuzibwa kwa nta ya mshumaa. Umeme ulitoka kwenye betri ya bodaboda, volti 12. Juu ya kila kijiti nikafunika mrija wa kioo uliojaa maji yaleyale ili ukusanye gesi. Watoto wakajibana kuzunguka meza moja, wa nyuma wakapanda juu ya stuli.

Upande wa hasi ulituheshimu. Mapovu yalipanda mengi na madogo, mrija ukajaa, nikausogezea kijiti chenye moto na gesi ikalia "pop". Wakapiga makofi. Haidrojeni hiyo.

Upande wa chanya ulinigomea kwa kila kitu. Kitabu kinasema oksijeni iwe nusu ya haidrojeni, lakini gesi ile haikufika hata robo. Kitabu kinasema haina rangi, ila maji ndani ya mrija yalikuwa na umanjano. Nikatumbukiza kijiti kilichobaki na kaa jekundu, ambacho ndani ya oksijeni hupaswa kuwaka upya. Kikazima. Nikajaribu cha pili, nacho kikazima. Nikasema vijiti vimeota unyevu. Karatasi ya litmasi ikawa nyekundu, kisha ikawa nyeupe kabisa kama imefuliwa. Nikasema karatasi zimepitwa na wakati.

Halafu nikawaambia wasogee mmoja mmoja wanuse, wahakikishe kwamba oksijeni haina harufu.

Binti wa delta alinusa, akarudisha kichwa nyuma. "Mwalimu, inanuka dawa ya maji. Ile anayotia bibi kwenye dumu." Mwenzake akadakia, "Jiki, mwalimu, inanuka jiki." Kijana mmoja mwenye pumu akaanza kukohoa mfululizo. Nilimwambia aache maigizo, atoke nje akanywe maji.

Na mimi nilikuwa nainusa. Hapo ndipo kosa langu linapoacha kuwa la kutojua. Harufu ilikuwa imenijaa puani, inawasha macho, na bado nilichukua chaki nikachora jedwali: Gesi ya upande wa chanya, oksijeni. Rangi, hakuna. Ujazo, nusu ya haidrojeni. Harufu, hakuna. "Nakilini," nikasema. Wakanakili wote arobaini. Nilipokusanya madaftari nililitafuta la binti yule kwanza. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: Harufu: hakuna. Nikaweka alama ya vema.

Gesi ile ilikuwa klorini. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, na kwenye kijiti cha kaboni ioni za kloridi hutoa elektroni zake kwa wepesi kuliko molekuli za maji. Oksijeni kidogo huenda ilikuwepo, lakini iliyotawala ni klorini, na sehemu yake kubwa iliyeyuka majini, ndiyo sababu mrija haukujaa. Ni gesi ileile iliyoachiwa juu ya askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Kiasi chetu kilikuwa kidogo na madirisha yalikuwa wazi. Vinginevyo haya yasingekuwa maungamo, yangekuwa maelezo ya polisi.

Aibu kubwa zaidi ni hii: elektrolisisi ya maji ya chumvi ilikuwa katika sura hiyohiyo ya kitabu, kurasa chache mbele. Siku sita baadaye nilisimama ubaoni nikawafundisha, neno kwa neno, kwamba maji yenye chumvi nyingi hutoa klorini upande wa chanya, gesi yenye umanjano na harufu kali, inayoondoa rangi ya litmasi. Niliandika hayo nikiwa nimewapa mgongo. Nadhani nilijua kwamba nikigeuka nitakutana na macho ya mtu. Hakuna aliyeuliza. Nilikuwa nimekwishawafundisha kwamba maabara na ubao ni nchi mbili tofauti, na kwamba ubao ndio wenye serikali.

Miaka ikapita. Binti alimaliza Kidato cha Nne, kemia akapata D, akarudi kwao.

Kilichonirudisha kwake ni betri. Nilipelekwa kusimamia mitihani katika kijiji kimoja cha deltani, mahali ambapo usiku taa ni za sola. Mwenyeji wangu, mwalimu mwenzangu, alikuwa na betri kubwa sebuleni ya zile za kuongezwa maji. Mchana wa siku ya pili, jua likiwa utosini na sola ikichaji kwa nguvu, chumba kilijaa harufu. Niliitambua kabla sijainua kichwa. Ilikuwa ileile, ya maabara.

Mwenyeji akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kemia. Kabla sijajibu, kijana aliyekuwa akituletea maji alisema kutoka mlangoni, "Mmeijaza maji ya mto hiyo. Umeme ukiingia kwenye chumvi unatoa dawa." Nikamuuliza nani amemfundisha. Akanishangaa. "Si inanuka?"

Si inanuka. Betri ikikaribia kujaa, umeme unaozidi hupasua maji yaliyomo, na ndiyo maana hukauka na kuhitaji kuongezwa maji yasiyo na chumvi. Ukitia maji ya bahari, unazaa klorini chumbani mwako. Mabaharia wa nyambizi walilijua hilo tangu zamani, maana maji ya bahari yakiingia kwenye betri zao hewa ya ndani huwa sumu. Kijana yule hakuwa amesoma nyambizi. Alikuwa na pua, na hakuna mtu aliyemwambia aikanushe.

Usiku huo sikulala vizuri. Niliporudi Kibiti nilianza kusoma upya mada niliyoifundisha nusu ya umri wangu wa kazi, safari hii nikianza na swali la mtoto badala ya jibu la kitabu.

Nikakuta kwamba swali lile lina umri wa zaidi ya miaka 200. Machi 1800 Alessandro Volta alituma London barua inayoeleza betri yake ya kwanza. Wiki chache baadaye William Nicholson na Anthony Carlisle, daktari wa upasuaji, wakajitengenezea ya kwao. Mwezi Mei walijaza neli ya kioo maji ya New River, mfereji wa kuchimbwa uliokuwa ukiwapelekea watu wa London maji ya kunywa, wakatumbukiza nyaya mbili za shaba nyeupe. Haidrojeni ikatoka kwenye waya mmoja. Oksijeni ikafanya kazi yake kwenye waya wa pili, ikiutia kutu, umbali wa karibu inchi mbili. Wale mabwana walishangaa, wakaandika kwamba wameshangaa. Kama maji yanapasuliwa, kwa nini vipande vyake havitokei mahali pamoja? Binti wa delta aliuliza jambo lilelile, mbele ya mtu ambaye hakustahili kuulizwa.

Mwaka 1805 kijana wa miaka 20 aitwaye Theodor Grotthuss, akiwa Italia, alijaribu kujibu. Alisema hakuna kipande kinachosafiri njia nzima. Molekuli za maji hupanga mstari na kupokezana, na ni zile za ncha mbili tu zinazotoa gesi. Hakupatia kila kitu, maana neno ioni lenyewe lilikuwa bado halijazaliwa. Michael Faraday alilileta mwaka 1834. Lakini wazo la kupokezana limebaki mpaka leo na linaitwa kwa jina la Grotthuss.

Na panga langu? Halipo. Kwenye ncha ya hasi, molekuli ya maji hupokea elektroni na kuachia haidrojeni moja tu. Inanyofolewa sikio moja, basi, na kinachobaki, oksijeni ikiwa bado imeshikana na haidrojeni ya pili, huelea majini kama ioni ya haidroksidi. Haidrojeni iliyonyofoka huungana na nyingine kutoka kwa molekuli ya jirani, na hiyo ndiyo gesi inayolia "pop". Kwenye ncha ya chanya ni molekuli nyingine kabisa, mbili kwa pamoja, zinazotoa elektroni nne, zikaachia haidrojeni zake zote kama ioni, na oksijeni zake mbili zikashikana kuwa gesi. Molekuli zilizotoa haidrojeni huku hazikuwahi kuonana na zilizotoa oksijeni kule. Miaka yote nilikuwa nachora molekuli moja nikiisulubu peke yake kwa kazi inayofanywa na umati.

Nikaamua kumtafuta. Haikuwa kazi kubwa, delta ni ndogo kwa anayeuliza. Niliambiwa ananunua kaa kwa wavuvi na kuwapeleka Dar es Salaam, na kwamba siku za bamvua humkosi gatini Nyamisati.

Nilimkuta ameketi juu ya tenga, anahesabu. Aliniona akasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kwako."

Nilimweleza nikiwa nimesimama, kama mtoto aliyeitwa ofisini. Nilisema yote: klorini, jedwali, kicheko cha darasa. Nilimwambia alikuwa sahihi mara mbili, kwa swali na kwa harufu, na kwamba mara zote mbili nilimnyamazisha kwa kuogopa kuonekana sijui. Nikamwomba msamaha.

Hakuwa na haraka ya kunisamehe, na simlaumu. Alifunga kwanza tenga kwa kamba. Kisha akasema, "Mimi nilijua, mwalimu. Nilijua pale pale kwamba inanuka. Ila alama zilikuwa kwako."

Nimeambiwa maneno makali maishani mwangu. Hakuna lililonikaa kama hilo, na alilisema kwa adabu.

Baadaye kidogo akanyanyua uso. "Haya, sasa niambie. Ile oksijeni ilikuwa inapitaje?"

Mbele yetu watu walikuwa wakipakia saruji katika boti ya Mafia. Walisimama mstari kutoka kwenye lori mpaka botini, kila mmoja na mfuko wake kifuani. Wa kwanza alipompa wa pili, wa pili alikuwa ameshamsogezea wa tatu ule aliokuwa nao. Nikamwonyesha. Nikamwambia kwamba katika maji yenye asidi ndivyo chaji inavyovuka: ioni ya haidrojeni inaingia kwenye molekuli upande huu, nyingine inachopoka upande wa pili, na mchezo unaendelea hivyo mpaka mwisho. Katika maji ya chumvi, kama yale ya dumu letu, wanaobeba ni ioni za chumvi, sodiamu ikielekea hasi na kloridi ikielekea chanya. Oksijeni haivuki. Kila ncha inapasua maji yaliyo karibu nayo.

Aliwatazama wabebaji kwa muda. "Kwa hiyo mfuko unaoingia botini sasa hivi si ule uliotoka sasa hivi kwenye lori."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unatuambia ni mfuko uleule, umekatwa vipande viwili."

"Ndiyo."

Akacheka, safari hii peke yake, na mimi nikawa darasa. Halafu akauliza tena, maana mtu wa namna ile hata umkatie maswali kwa miaka kumi, yanachipua. "Hizo mbili za upande wa chanya, oksijeni zao zinakutania wapi? Ndani ya maji au pale kwenye kijiti?"

Nilihisi mkono wangu ukitafuta chaki. Nikautuliza. Nikamwambia hukutana palepale juu ya kijiti, kwenye uso wake, na kwamba hiyo ndiyo hatua nzito kuliko zote katika kupasua maji, ndiyo inayokula umeme wa ziada. Lakini namna hasa zinavyoshikana, ipi inatangulia na ipi inafuata, hata mabingwa wa mambo hayo bado wanabishana, na mimi sijui.

Boti ilikuwa imewasha injini. Alibeba tenga lake, akaniangalia kama mtu anayesahihisha daftari.

"Basi hapo andika hivyohivyo, mwalimu."